Jengo la zamani la Dar es Salaam linalindwa na nani, na kwa kiasi gani?

Uzio wa mabati ukizungushiwa jengo la zamani pale Samora au Mtaa wa Jamhuri, picha huanza kuzunguka kwenye simu siku hiyohiyo. Mmoja atauliza serikali iko wapi, si jengo hili limehifadhiwa? Mwingine atajibu libomolewe tu, ni masalia ya mkoloni. Wa tatu atasema afadhali, lingekuja kuua watu. Nenda kwenye mhadhara wa hadhara kuhusu majengo ya jiji, au kwenye maonyesho ya picha na michoro yake, utayasikia hayohayo kipindi cha maswali, ila kwa adabu zaidi na kipaza sauti mkononi.

Ubishi huu hauishi kwa sababu watu wanatumia neno "kuhifadhi" kwa mambo manne tofauti. La kwanza ni kulitambua jengo: wataalamu wamelipiga picha, wamelichora, wamelitaja kwenye maonyesho. Hiyo ni heshima tu, haimzuii mtu kuleta kijiko cha kubomolea asubuhi. La pili ni kulilinda kisheria, jambo linalohitaji karatasi yenye nguvu ya serikali. La tatu ni kulikarabati, yaani kazi ya fundi. La nne ni kulibadilishia matumizi ili liendelee kuishi na kulipa bili zake. Jengo linaweza kupata la kwanza bila la pili, au la pili bila la tatu. Mengi ya Dar yako hivyo.

Tuanze na sheria, maana ndiko kwenye mshangao mkubwa.

Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikafanyiwa marekebisho mwaka 1979. Inalinda moja kwa moja, bila mtu yeyote kuomba, jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Soma tena mwaka huo. Sultan Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji wake kando ya kijiji cha Mzizima katika miaka hiyohiyo ya 1860. Boma la Kale, lile jengo jeupe la Sokoine Drive linalotazamana na boti za Zanzibar, mojawapo ya majengo makongwe kabisa ya katikati ya jiji, lilijengwa kati ya 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani. Kwa maneno mengine, mstari wa sheria umepita nyuma ya mji mzima. Magofu ya Kunduchi, yenye msikiti na makaburi ya kale, yamo ndani. Katikati ya jiji hakuna kitu.

Halafu ule ni mwaka, si umri. Sheria ilipotungwa, 1863 ilikuwa kama miaka mia moja nyuma, na ilileta maana. Lakini mwaka hautembei. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilikamilika 1902, na leo lina zaidi ya miaka 120. Kanisa la Kilutheri la Azania Front ni la kipindi hichohicho, na Hospitali ya Ocean Road ni ya mwaka 1897. Yote ni wazee kwa hesabu ya binadamu yeyote, ila kwa mstari ule bado ni vijana.

Sheria hiyohiyo inalinda pia mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Kwa hiyo nyumba ya mwaka 1910 yenye mlango wa nakshi ina kitu kimoja kilicholindwa moja kwa moja, nacho ni mlango. Ukuta ulioushikilia ule mlango hauna ulinzi huo. Sijui kama waliotunga waliona kichekesho hiki. Sisi tunaopita Kisutu tunakiona.

Njia ya kuyaingiza majengo mengine ipo: waziri mwenye dhamana huyatangaza kwenye Gazeti la Serikali. Ndivyo ilivyofanyika mwaka 1995, baadhi ya majengo na mitaa ya Dar es Salaam ilipotangazwa kuwa ya kuhifadhiwa. Hapa ndipo mtu mwenye kipaza sauti anapotakiwa kuwa makini. Swali "jengo hili limehifadhiwa?" halijibiki mpaka uulize limetangazwa kwa tangazo namba ngapi, na kama tangazo hilo bado lina nguvu. Kilichowekwa kwa tangazo huweza kuondolewa kwa tangazo, na gazeti hilo wananchi wengi hawalisomi wakinywa chai.

Sasa mwenye mali. Tembea Uhindini ya zamani, kuanzia Mtaa wa India kwenda Kisutu, ukiinua macho juu ya vibao vya maduka ya simu. Kwenye paji la jengo utakuta jina la familia na mwaka, mara nyingi wa miaka ya 1920 au 1930, vimefinyangwa kwa lipu. Wengi wakiona jina wanadhani ndiye mwenye nyumba mpaka leo. Mara nyingi siye. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 ofisi hiyo ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya majengo ya zamani ya katikati ya jiji iko mikononi mwa shirika la umma, tena shirika linalotakiwa kujiendesha kwa faida na kujenga nyumba nyingine.

Weka hesabu yake mezani. Jengo lina ghorofa moja, maduka sita chini, na wapangaji wa miaka mingi wanaolipa kodi ya kizamani. Kiwanja kiko mahali ambapo mipango miji inaruhusu ghorofa kumi na kuendelea. Thamani haiko kwenye kuta, iko kwenye hewa iliyo juu ya paa. Mwekezaji anakuja na fedha, shirika linaleta ardhi, wanaingia ubia, jengo linakwenda. Hakuna mtu mbaya kwenye hesabu hiyo, na ndiyo sababu lawama za mtandaoni huwa hazibadilishi chochote. Salamander ya Samora, jengo la tangu enzi za Wajerumani lililokuwa kituo cha kukutania cha vizazi kadhaa, lilibomolewa wakati kila mtu akikubali kwamba ni zuri.

Kuna miji iliyojaribu kuitatua hesabu yenyewe badala ya kuilaani. New York inamruhusu mwenye jengo lililolindwa auze ile hewa asiyoitumia kwa mwenye kiwanja cha jirani, ambaye atajenga juu zaidi ya kiwango chake. Mwenye jengo anapata fedha, jengo linabaki. Kwa maoni yangu, mazungumzo yetu yangefaa kutumia nusu saa kwa jambo kama hilo na dakika tano kwa kusikitika. Siku hizi ni kinyume.

Tuje kwa yule wa tatu, anayesema la zamani lingeua watu. Hofu yake ina mizizi. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 liliporomoka kwenye Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa iliyojaa maduka iliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa la matumbawe na chokaa, kama nyumba za kale za pwani. La 2013 lilikuwa bado linajengwa. Umri peke yake haukuambii kitu kuhusu usalama. Zege lenye nondo pungufu huanguka likiwa changa, na ukuta wa mawe wenye unene wa nusu mita huvumilia karne ukitunzwa.

Ukitunzwa, narudia. Majengo ya zamani nayo hufa, na kwa kawaida hufa kuanzia juu. Bati likitoboka, maji yanaingia kwenye boriti za mikoko, na ncha za boriti zilizozama ukutani zinaoza kwanza. Dari linalegea, ukuta unapoteza kitu cha kuushika, ufa unashuka kutoka kona ya dirisha. Kuna wenye mali wanaolijua hilo vizuri sana. Wanaliacha paa. Baada ya misimu michache ya masika, jengo linaandikiwa kuwa ni hatari kwa umma, na kibali cha kubomoa kinapatikana bila kelele. Ukiona jengo la thamani halina paa, usisubiri uzio wa mabati ndipo upige picha.

Hapa kwenye ufundi nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hata wenye nia njema wanapoharibu.

Nyumba za mawe za pwani hii zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo kwenye tanuu la kuni, ikalowekwa, ikachanganywa na mchanga. Juu zikalazwa boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida haziendi mbali zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba: mti ndio uliopanga chumba. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu kutoka ardhini na kwenye hewa ya bahari, kisha huutoa kupitia lipu ya chokaa jua likiwaka. Unapumua.

Anakuja mwenye nyumba mwenye fedha na uchungu na jengo lake. Anabandua chokaa iliyochakaa, anapiga lipu ya saruji, anamalizia na rangi ya mafuta ili ing'ae. Miezi ya mwanzo jengo linapendeza kweli. Lakini amelivalisha koti la nailoni juani. Unyevu unaendelea kupanda kutoka chini, hauna pa kutokea, unapanda juu zaidi mpaka unazifikia boriti. Dalili zake utaziona ukisogea karibu: kwenye kimo cha kiuno rangi inavimba kama malengelenge, ukigonga lipu inatoa sauti ya tupu, na pale ilipokwisha kubanduka kuna unga mweupe wa chumvi unaoshika kidoleni. Fundi anaitwa tena, anaongeza saruji. Kila mara lipu inapoanguka inaondoka na kipande cha ukuta wa zamani.

Kwa hiyo ukisikia mtaalamu kwenye mhadhara anashikilia mambo ya chokaa kwa dakika ishirini, si ushamba wa kupenda ya kale. Anazungumzia kinachosimamisha jengo. Na chokaa haina ughali wa kutisha. Adimu ni fundi anayeijua, anayekubali kungoja ikauke taratibu huku mkandarasi anataka kumaliza Ijumaa.

Boma la Kale ni mfano mzuri wa yale mambo ya tatu na ya nne, ukarabati na kubadilisha matumizi. Lilianza kama nyumba ya wageni wa Sultani, Wajerumani wakaligeuza ofisi, na baada ya kazi iliyowahusisha wasanifu majengo wa Tanzania, jiji na washirika wa Ujerumani, likafunguliwa mwaka 2017 kuwa kituo cha urithi wa majengo kinachojulikana kama DARCH, chenye maonyesho ya historia ya ujenzi wa mji. Hakuna anayelitumia leo kama lilivyotumika 1867, na hakuna haja. Mahakama ya Rufani nayo imefanya kazi miaka mingi pale Kivukoni katika jengo lililokuwa hoteli. Ikulu yenyewe, ile iliyo nyuma ya noti ya shilingi elfu moja, ilipigwa mizinga na Waingereza mwaka 1914, kisha haohao wakaijenga upya 1922 kwa sura nyingine. Anayesema jengo lililohifadhiwa haliguswi hajaangalia pochi yake.

Imebaki hoja ya mkoloni. Si hoja ya kipuuzi, ingawa baadhi ya wahadhiri huipokea kwa kukunja uso.

Mji huu ulipangwa kwa ubaguzi, na ramani inaonyesha hivyo mpaka leo. Wajerumani, kisha Waingereza, waligawa maeneo kwa aina ya jengo linaloruhusiwa, na kwa aina ya jengo wakawa wamegawa watu: Uzunguni penye bustani upande wa bahari, Uhindini penye maduka chini na makazi juu, Uswahilini penye nyumba za udongo kule Kariakoo na kuendelea. Uwanja wa Mnazi Mmoja tunaopitia kila siku ni sehemu ya ukanda ulioachwa wazi ili kutenganisha Waafrika na wengine, kwa kisingizio cha afya. Jengo la kizungu likisimuliwa kwa matao yake tu, bila kumtaja aliyebeba mawe wala aliyekatazwa kulala mtaa ule, wasikilizaji wana haki ya kununa.

Ila kubomoa hakuondoi historia hiyo, kunaondoa ushahidi wake. Tazama Sanamu ya Askari. Kabla yake mahali pale palisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza waliing'oa, na mwaka 1927 wakaweka ya askari wa shaba, yenye maandishi ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Wissmann akapelekwa Hamburg, ambako wanafunzi walimwangusha mwaka 1968. Wajerumani hawakumtupa, wamemtumia baadaye kwenye maonyesho ili kuuzungumzia ukoloni wao. Kitu kibaya kinaweza kuhifadhiwa kwa sababu ni kibaya.

Tena si kweli kwamba urithi wa majengo ya Dar ni wa wageni peke yao. Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilibuniwa na Mtanzania, Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza katika Afrika Mashariki. Yale mapaa yake ya zege kama miavuli iliyogeuzwa yalibuniwa yatoe kivuli, yapitishe hewa na yakusanye maji ya mvua. Soko liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na uamuzi ukawa kulikarabati, pamoja na kujenga jengo jingine jipya pembeni. Ule ulikuwa uhifadhi, ingawa sikusikia watu wengi wakiuita hivyo. Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam wa asili ya Goa, alibuni shule na kanisa la pamoja la Wakristo pale Chuo Kikuu Mlimani. Ukumbi wa Nkrumah wa chuo hicho uliwekwa kwenye noti ya shilingi mia tano kabla haijawa sarafu. Haya ni ya kizazi cha uhuru, ya miaka hamsini au sitini, na kwa mstari wa 1863 hayapo kabisa.

Na kuna nyumba ambayo hata maonyesho huipitia haraka, nayo ndiyo iliyolaza watu wengi kuliko zote: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Ukiiona kwenye mchoro ubaoni, usiupite kwenda kwenye picha za rangi. Mchoro wa sakafu ni nyumba iliyokatwa usawa wa dirisha na kutazamwa kutoka juu. Mistari minene ni kuta, mapengo ni milango. Anza mbele: ule ukingo mwembamba ni baraza, mahali pa bao na maongezi. Ingia mlango wa kati, uko kwenye ukumbi ulionyooka hadi nyuma, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, kila kimoja kikiweza kuwa na mpangaji wake. Toka nyuma, uko uani: jiko, choo, kamba ya nguo. Mwenye nyumba alikuwa na kipato bila kuhama, mpangaji alikuwa na jirani wa kumwachia mtoto. Wasanifu wanaohangaika leo na nyumba za bei nafuu wangeweza kuanzia hapo.

Kariakoo na Ilala nyumba hizi zinaondoka moja moja, na kwa uaminifu nyingi haziwezi kuokolewa: ni za miti na udongo, kiwanja ni cha ghali, na warithi ni kumi na wawili. Kwa hizo kuna namna ya tano ya kuhifadhi isiyozuia ghorofa ya mtu, nayo ni kuzipima na kuzichora kabla hazijaangushwa, na kuwarekodi waliokaa humo. Wanafunzi wawili wenye futi ya kamba wanaimaliza nyumba moja kwa siku, na Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha kazi hiyo hapahapa mjini. Kama familia yenu ina nyumba ya namna hiyo na mmeshakubaliana na mwekezaji, mruhusuni mtu aingie na futi kabla hamjakabidhi funguo, na mlango wa mbele ukiwa wa nakshi, ulizeni Idara ya Mambo ya Kale kwanza kabla ya kumkubalia dalali anayeutaka.